Mikimbio inavuja, nifanyeje?

Swali: Mimi ni nahodha wa timu ya kriketi ya mtaani, Mwanza. Tunacheza ova 20 (ova moja ni mirusho sita). Natawanya watu kwenye mpaka wa uwanja, bado mikimbio (pointi) ya mmoja mmoja inatumaliza.

Jibu: Ndiyo matokeo ya kuwaweka wote mbali. Ukimtoa mrushaji na mlinda wiketi, unabaki na watu 9. Muulize mrushaji kwanza atalenga wapi. Akilenga nje kidogo ya kijiti cha upande wa gongo (ulio mbali na miguu ya mpigaji), weka 6 upande huo, 3 upande wa pili. Akishindwa kushika mstari huo, mpumzishe mapema. Hakuna mpangilio utakaomwokoa. Ova 6 za kwanza, wanaoruhusiwa nje ya mduara uliochorwa ndani ya uwanja ni 2 tu, baadaye 5. Alasiri upepo wa ziwa husukuma mipira ya juu: mdakaji wako hodari akae upande unakoelekea.