Filamu si lazima ifuate katuni mstari kwa mstari

Kaka, unasema filamu ya Black Panther ya 2018 imeiharibu katuni kwa sababu M'Baku, yule kiongozi wa kabila la mlimani, kabadilishwa. Hapo nakataa kabisa. Kwenye katuni za Marvel, tangu 1969, jamaa huyo alivaa ngozi ya gorila mweupe na kuitwa Man-Ape. Yaani Mwafrika anaitwa mtu-nyani! Mwongozaji Ryan Coogler alifanya la maana kulitupa jina hilo. Ubabe wake kamwachia, na watu wake wa mlimani kawapa heshima. Ile sehemu anamzima yule shushushu wa CIA kwa kubweka, anamtishia kuwapa wanawe wamle, halafu anacheka kwamba wao hawali nyama: kwenye kibanda umiza chetu hapa Majengo, Moshi, watu walisimama kushangilia.

Mimi naangalia kama roho ya mhusika imebaki, mengine mwongozaji ana haki nayo. Ukitaka kuilaumu kwa haki, lilaumu pambano la mwisho kule mgodini. Miili inarukaruka haina uzito, unaona wazi ni kompyuta, wakati ugomvi wa T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, na adui yake Killmonger ulistahili nyama na jasho.