Mtoto asiyefanana na mama yake: jibu langu ni yai

Mhariri,

Swali lenu la wiki liliuliza: kifaranga ni kuku mdogo na mwanambuzi ni mbuzi mdogo, kwa nini basi watoto wa wadudu na wa viumbe wengi wa baharini hawafanani kabisa na wazazi wao? Ninafundisha baiolojia hapa Mikindani, na jibu ninalolisikia mara nyingi, hata kwa walimu wenzangu, ni kwamba kiwavi ni kipepeo ambaye hajakamilika. Silikubali. Kiwavi ana taya za kukatia majani, ana miguu ya kung'ang'ania kijiti, ana rangi za kumficha ili ndege asimwone. Amekamilika kwa maisha yake, na uteuzi wa asili, yaani wanaofaa mazingira kuishi na kuzaa zaidi, umefanya kazi juu yake sawasawa na ulivyofanya juu ya kipepeo.

Nianze na bahari, maana huko jibu linaonekana waziwazi. Kila mwanamke anayeshuka mwambani kuchokoa pweza wakati wa bamvua anamjua yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi, nungunungu wa baharini, kwa sababu mwiba wake ukiingia mguuni unakatikia humo humo. Jike na dume hawapandani. Kila mmoja anamwaga vyake majini kwa wingi, mayai na manii vikutane vyenyewe. Mayai yakiwa mengi kiasi hicho, kila moja linakuwa dogo mno, kama sehemu ya kumi ya milimita hivi, na akiba iliyomo haitoshi kabisa kujenga mwili wa miiba. Mama amempeleka mtoto safari bila masurufu. Lazima ajitafutie chakula njiani, na kwa kazi hiyo anahitaji mwili mwingine.

Mwili huo nimewaonyesha wanafunzi kwa hadubini ya shule, katika tone la maji yaliyochujwa kwa kitambaa laini. Ni kitu kinachopitisha mwanga, chenye vijikono vyembamba vilivyonyooka, na kwenye vijikono hivyo kuna vinyweleo vinavyotikisika bila kupumzika vikisukuma vijimea vya baharini kuelekea mdomoni. Kina kulia na kushoto kama sisi, ilhali mzazi wake amegawanyika sehemu tano kuzunguka mdomo. Huelea na kula kwa wiki kadhaa. Na sasa msomaji asikilize vizuri: mwili wa mkubwa hautokani na mwili huu wote. Unaanza kuchipua ndani yake, upande wa kushoto tu, na unakua humo hadi siku ya kutua mwambani, ndipo unapojitokeza na vile vijikono vikanywea. Kiwavi naye hubeba ndani yake vifungu vya seli ambavyo baadaye vitakuwa mabawa na miguu ya kipepeo. Jamii mbili zilizo mbali sana kiukoo, na kila moja imefikia njia ya kumtunza mkubwa ndani ya mdogo.

Ushahidi kwamba yai ndilo linaloamua uko Australia. Huko wapo nungunungu wa baharini wa aina (spishi) mbili za kundi moja la karibu kiukoo (jenasi), Heliocidaris, ambao wakikomaa wanafanana sana. Mmoja hutaga mayai madogo, na mtoto wake huelea na kula kwa majuma. Wa pili hutaga yai ambalo ujazo wake unakaribia mara 100 ya lile la mwenzake. Mtoto wa huyu hana haja ya kula; hatengenezi ile mikono mirefu, na baada ya siku chache tu ameshakuwa nungunungu mdogo. Spishi hizi zilitengana miaka milioni chache iliyopita, muda mfupi kwa hesabu za mageuzi, na katika muda huo umbo zima la utotoni limefutika huku la utu uzima likibaki palepale. Kwangu mimi hili linamaliza ubishi.

Pweza alikwenda mbali zaidi. Ndugu zake konokono wa baharini wengi bado hupitia umbo la mtoto aeleaye kwa vinyweleo, lakini mtoto wa pweza hutoka yaini akiwa na mikono minane na macho yake, ingawa ni mdogo sana na bado ataelea kwa muda. Gharama anailipa mama. Hutaga mara moja maishani, huyaning'iniza mayai pangoni, huyapulizia maji na kuyasafisha, hali chakula, na yanapoanguliwa anakufa. Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky alieleza jinsi alivyowaondolea pweza majike tezi zilizo karibu na macho: waliacha mayai, wakarudi kula na wakaishi muda mrefu zaidi. Kifo kile kimo katika mpango wa mwili. Kwa hiyo vijiji vya pwani ya Kilwa vinavyofunga miamba ya pweza isivuliwe kwa miezi kadhaa vinafanya jambo la maana: jike aliyetolewa pangoni kabla ya wakati wake hakupata nafasi ya kwanza ya kuzaa, na ya pili haipo.

Nchi kavu nitapita haraka. Jongoo wetu huanguliwa akiwa na jozi chache tu za miguu, kwa kawaida tatu, na kila anapojivua ngozi anaongeza pingili karibu na mkia. Mbu wa mikorosho, mdudu mnyonya mimea asiye mbu wa kuuma watu, anayetutesa Mtwara na Lindi yote, hana hatua ya buu: tunutu wake ni mbu mdogo asiye na mabawa, na mtoto na mzazi wananyonya machipukizi yaleyale. Kiwavi na kipepeo hawagombanii sahani moja, na naamini hiyo ni sababu mojawapo ya wadudu wenye kugeuka kabisa kuwa zaidi ya robo tatu ya spishi zote za wadudu. Vidukari weusi wa kwenye kunde wameacha hata dume: jike huzaa mabinti hai, na binti huzaliwa akiwa tayari na mimba changa ndani yake. Ndiyo maana shina lililokuwa safi juzi leo limejaa.

Nirudi kwa wanaomwaga mbegu majini, kwa kuwa jongoo bahari, mnyama laini wa baharini asiye jongoo wa nchi kavu, ni mmoja wao na kwetu amevunwa sana. Watu husema wakibaki wachache watazaliana tena. Wakibaki wachache waliotawanyika, kila mmoja ana afya na anamwaga mayai yake, lakini manii huzimuliwa na maji kabla ya kuyafikia. Kuhesabu waliobaki peke yake hakutoshi. Inabidi kupima pia umbali kati ya mmoja na mwenzake.

Msomaji, Mikindani, Mtwara