Barua yenye muhuri wa dhahabu, na maswali mengine ya kiangazi

Kila ifikapo Januari wazazi wenye watoto katika sekondari za umma hapa Marekani huniuliza jambo moja kwa namna nyingi: mtoto afanye nini likizo ya kiangazi? Nimechagua maswali machache na kuyafupisha.

Shikamoo mwalimu. Binti yetu yuko darasa la 11 hapa Louisville. Imekuja barua yenye muhuri wa dhahabu kwamba "amechaguliwa" kwenda kusoma wiki mbili kwenye chuo kikubwa. Wanataka zaidi ya dola 4,000, na amana mwezi huu huu. Baba yake anasema tukope.

Marahaba, mama. Msikope. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na barua hiyo imetembea hadi mlangoni kwako. Pengine si utapeli, lakini ni biashara. Vyuo hukodisha mabweni na madarasa yao kiangazi, kwa hiyo jina la chuo kwenye bahasha halimaanishi kwamba chuo ndicho kitakachofundisha. Hata pale chuo chenyewe kinapofundisha, kozi ya kulipia haimhakikishii mtoto kudahiliwa. Harvard wana kozi ya wiki mbili kwa wanafunzi wa sekondari inayozidi dola 5,000, na anayeimaliza huomba chuo baadaye kama mwombaji mwingine yeyote.

Programu nyingi zenye ushindani mkali kabisa hazidai ada ya masomo. MITES, programu ya kiangazi ya MIT (chuo mashuhuri cha sayansi na teknolojia), iliyoanza mwaka 1975, huwachukua wanafunzi wa darasa la 11 kwa wiki sita za hisabati, sayansi na uhandisi. Masomo, chakula na malazi ni bure. Familia hutafuta nauli tu. RSI, programu ya utafiti wa sayansi ya tangu 1984, hufanyikia hapo hapo MIT, ikiwa na vijana mia moja hivi wanaofanya utafiti wao wenyewe. Kama binti yako ni wa vitabu na hoja kuliko namba, kuna TASS, semina ya kiangazi ya shirika la Telluride Association, ambayo pia ni bure. Hii ndiyo niipendayo zaidi, kwa sababu huanzia kwenye insha na wala si kwenye alama za mtihani. Asiyejiweza anaweza kuomba nauli, na hata kiasi cha kufidia mshahara ambao angeupata kama angefanya kazi.

Milango mingi hufungwa kati ya Desemba na Machi. Mwende kwa kaunsela wa shule wiki hii, na mwombe mkalimani. Usimfanye binti awe mkalimani wa mambo yake mwenyewe.

Jambo mwalimu. Mwanangu si kipanga, anapata B na C. Tulitoka kambi ya Nyarugusu miaka mitatu iliyopita. Kuna chochote kwa mtoto kama huyu?

Kipo, na kimetengenezwa kwa ajili yake. Kinaitwa Upward Bound, mpango wa serikali kuu uliozaliwa na sheria ya mwaka 1964. Hautafuti kipanga, unatafuta mtoto mwenye uwezo anayehitaji kusukumwa. Theluthi mbili ya washiriki lazima watoke familia za kipato kidogo na wazazi wao wasiwe na shahada ya kwanza. Wakati wa shule hufundishwa masomo ya ziada. Kiangazi huingizwa katika mazingira ya chuo kwa wiki kadhaa, mara nyingi sita. Hamlipi kitu, na yeye anaweza kupewa posho ndogo. Ukimbizi wenu si kizuizi.

Kama wewe au mama yake mna lisanzi (shahada) ya Lubumbashi kule Kongo, semeni ukweli kwenye fomu. Bado anaweza kuingia katika ile theluthi iliyobaki, kwa kigezo cha kipato. Nimewaona wazazi wakificha elimu yao kama kosa, na inaniuma.

Kasoro yake ni kwamba haupo kila shule. Uliza kaunsela, au piga simu chuo cha umma kilicho karibu nanyi.

Kijana wangu ana miaka 15, tuko Bronx. Anataka kazi, si masomo.

Aombe SYEP, mpango wa jiji la New York wa kazi za kiangazi kwa vijana. Ni ya miaka 14 hadi 24, na wengi hupatikana kwa bahati nasibu, hivyo alama zake hazina neno. Akiwa na miaka 15 atapewa posho kwa mradi wa kujifunza kazi. Akifika 16 analipwa kwa saa. Aanze mapema kutafuta kibali cha kazi cha watoto kupitia shule yake, maana kinahitaji sahihi yako na cheti cha daktari.

Akilipwa, si watatukata msaada wa chakula na kutupandishia kodi ya nyumba?

Hapana. Kwa SNAP, yaani huo msaada wa chakula, mshahara wa mtoto aliye chini ya miaka 18, anayesoma sekondari na kuishi na wazazi, hauhesabiwi. Nyumba za ruzuku ya serikali kuu nazo haziweki kwenye hesabu mshahara wa aliye chini ya 18. Tunza risiti za malipo, na afisa wako akikuuliza umwonyeshe bila woga. Akishatimiza 18, mambo hubadilika, kwa hiyo tazama tarehe ya kuzaliwa kabla ya kusaini.

Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Columbus. Binti yangu amepata nafasi lakini atalala huko wiki sita. Roho haitaki.

Nakuelewa, baba. Lakini usikatae kabla ya kuuliza. Piga simu, ujue bweni la wasichana liko wapi, nani analala nao, wanafungiwa saa ngapi, chakula halali kipo, mahali pa kuswali pako wapi. Wahusika wazuri wamezoea maswali haya. Wakikujibu kwa kubabaika, basi roho yako ilikuwa na haki.

Naweza kumsaidia mwanangu kuandika insha?

Kumsikiliza akiisoma, ndiyo. Kumwandikia, hapana. Na asidhani lazima asimulie vita au kambi ndipo ahurumiwe. Kijana mmoja niliyemjua alieleza anavyomtafsiria mama yake maelezo ya dawa kwenye famasia, na namna anavyohangaika kwamba kosa lake moja linaweza kumdhuru. Kurasa mbili tu. Alikubaliwa.