Kipaza Wazi: Ofisa hapigi risasi, anasikiliza

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wa gemu za vita vya vikosi, zile za watu mia uwanjani na hedifoni masikioni. Nimechagua nne. Wanaouliza wanunue kompyuta gani wanisubiri toleo lijalo.

Dada, shikamoo. Nacheza Hell Let Loose usiku nikitoka kazini. Kila nikijiunga na kikosi, ofisa anaondoka na hakuna anayetaka kushika nafasi yake, basi naishika mimi. Mwanzoni niliona fahari. Siku hizi mechi ikiisha viganja vimelowa jasho, kichwa kinagonga, na nikilala nasikia watu wananiita. Maofisa wenzangu wananisemesha, vijana wangu wananisemesha, na Kiingereza changu nikiharakishwa kinanikimbia. Risasi zenyewe sizipigi. Mimi ni mwoga, au nafasi hii ina kasoro?
*Ofisa wa Lazima, Arusha*

Marahaba mdogo wangu. Woga ungekupeleka kwenye kona na bunduki ya snaipa, mbali na maswali ya watu. Wewe umebaki.

Niwaeleze kidogo wasiocheza. Hell Let Loose ni gemu ya Vita vya Pili vya Dunia. Kila upande una watu 50, na kikosi cha askari wa miguu hakizidi watu sita. Ofisa ndiye kiongozi wa kikosi, na ndiye anayeweka kituo ambacho kikosi chake kinarudia wakifa. Yeye na kamanda, mkuu wa timu nzima, ndio wanaojenga garisoni, ambazo timu nzima inarudia. Garisoni inataka vifaa 50 na iwe umbali wa mita 200 kutoka garisoni nyingine. Pasipo garisoni, watu 50 wanatembea kutoka nyuma kabisa, na wanatembea wakilalamika. Lawama inakuja kwa maofisa.

Chukua ramani ya Foy, kile kijiji cha Ubelgiji karibu na Bastogne. Theluji tupu pande zote, nyumba katikati. Kikosi kisicho na ofisa makini kinavuka uwanja mweupe, kinakufa, kinarudi, kinavuka palepale. Ofisa anayejua kazi anaacha kulenga, anazunguka msituni na mtu mmoja mwenye sanduku la vifaa, anajenga, anatoka. Hakuua mtu. Jina lake kwenye orodha ya mauaji liko chini kabisa, na mechi imegeuka kwa sababu yake. Kwa hiyo usinihesabie risasi, sizitaki.

Sasa presha yako inatoka wapi? Inatoka masikioni. Ofisa ana mikondo mitatu ya sauti kwa wakati mmoja: kikosi chake, chaneli ya maofisa na kamanda, na yeyote aliyesimama karibu naye uwanjani. Juu yake weka mizinga. Mwaka 1953 mtafiti Mwingereza Colin Cherry aliwavisha watu hedifoni, sikio la kulia habari moja, la kushoto nyingine, akawaambia waifuatishe moja kwa sauti. Waliifuatisha vizuri tu. Alipowauliza ile ya sikio la pili ilisema nini, karibu hawakuwa na la kusimulia. Walijua sauti ilikuwa ya mwanamume au ya mwanamke, basi. Maswali ya namna hiyo yalikuwa yakiwasumbua waongoza ndege, waliokuwa wakisikia marubani kadhaa kwenye spika moja. Unachodaiwa wewe usiku baada ya kazi, binadamu hakuumbiwa.

Mimi mchana nakaa chumba cha redio cha kampuni ya ulinzi. Walinzi wote wa mji wanapita sikioni mwangu, na usiku naingia kwenye gemu kufanya kazi ileile bila mshahara. Kazini tuna utaratibu ambao ukiuhamishia kwenye kikosi chako utalala usingizi: anayeita aseme yeye ni nani, yuko wapi, ameona nini, kisha afunge mdomo. Mechi inapoanza, kabla ya risasi ya kwanza, waambie vijana wako hivyo. Anayepiga kelele "Wapo hapa! Wapo hapa!" usimjibu kabisa. Atajifunza mwenyewe aseme "kaskazini, ukuta wa kanisa, wawili".

Halafu ingia kwenye mipangilio ya sauti. Kila chaneli ina kiwango chake. Mimi chaneli ya maofisa naiweka juu kidogo, ya kikosi katikati, ya majirani chini, maana jirani mwenye la maana atakuja mbele ya uso wako. Kamanda akianza kusema, waambie kikosi "kimya, kamanda", subiri amalize, rudi kwao. Usijaribu kusikia vyote viwili. Cherry ameshakujibia hilo.

Kiingereza nacho. Sisi wa huku tunacheza kwenye seva za Ulaya kwa sababu huko ndiko watu waliko. Mimi nikiwa Dar pingi yangu, yaani muda wa kwenda na kurudi kwenye seva, haishuki chini ya milisekunde 150 hata nikiomba dua. Kwa hiyo tunawaongoza watu wa Manchester na Rotterdam kwa lugha ya kuazima, huku tunapigwa mabomu. Tumia ramani iseme badala yako. Ofisa ana alama za kuweka: askari wa adui hapa, kifaru hapa, garisoni yao hapa. Weka alama, taja herufi na namba ya kisanduku cha ramani, umemaliza. Sentensi fupi za amri hazina sarufi ya kukuaibisha. Na nimeona hili mara nyingi: Waingereza wanaopayuka sentensi ndefu ndio kikosi chao hakijui kiende wapi.

La mwisho kwako ni ruhusa ya kukataa. Seva nyingi za jumuiya zina kanuni kwamba kikosi kisicho na ofisa kinatolewa mchezoni, ndiyo maana watu wanatazamana halafu wewe mpole unanyoosha mkono. Acha kunyoosha kila mara. Sema mapema, "Nashika mechi hii, inayofuata ashike mwingine", na inayofuata ikifika usiguse kitufe hata kimya kiwe kirefu namna gani. Atapatikana. Akikosekana, hamia kikosi chenye ofisa. Mechi ya kawaida inaweza kufika saa moja na nusu. Mbili mfululizo kama ofisa baada ya siku ya kazi, mimi mwenyewe wa chumba cha redio sizitaki.

Ukitaka kujua, nafasi ya kamanda ni nyepesi kuliko yako. Wengi watabisha. Kamanda anaongea na maofisa peke yao, anakaa nyuma, anaagiza ndege na vifaa vya kudondoshwa. Ofisa ndiye anayetumwa na wa juu na kuulizwa na wa chini, na katikati hapo anapigwa risasi.

Mwanangu, mimi si mchezaji, gazeti hili analileta kijana wangu wa chuo. Usiku namsikia chumbani anapaza sauti: "Usikate tamaa! Nakuja! Usikate tamaa!" Juzi nilikurupuka nikidhani mtu anataka kujiua kwenye simu. Nikamuuliza, akasema "Mimi ni mediki, mama." Sikuelewa. Anaumwa huyu?
*Mama yake Mediki, Tanga*

Shikamoo mama. Haumwi, na nakusifu kwa kukurupuka.

Mwanao anacheza Squad na wenzake, gemu iliyotengenezwa Kanada na Offworld Industries. Mchezaji akipigwa hafi papo hapo. Analala chini akivuja damu, na anaweza kuchagua: asubiri aokolewe, au akubali kufa arudi mbali nyuma. Kitufe cha kukubali kufa kina maneno ya kukata tamaa. Kila anayekibonyeza anaipotezea timu yake tiketi moja, na tiketi zikiisha wameshindwa. Mwanao anambembeleza mwenzake asikibonyeze. Wenzake wanaweza kumfunga majeruhi bandeji akainuka, lakini anayemrudishia afya kamili ni mediki peke yake. Kikosi kina watu tisa, na wakianguka watatu kwa mkupuo wote wanamwita jina.

Hiyo presha ni ya kweli mama, ingawa damu ni ya bandia. Mediki hulaumiwa kwa ambaye hakumfikia, na hapewi asante kwa waliosimama. Tangu mabadiliko makubwa ya 2023 imezidi: risasi zikikupita karibu skrini inafifia na mikono inatetemeka, kwa hiyo kukimbilia majeruhi mahali peupe kumekuwa kugumu kuliko zamani.

Mwambie maneno haya kutoka kwangu: kwanza moshi, pili kumburuta jicho la adui lisikoona, tatu ndipo bandeji. Na asikimbie kila anapoitwa, kwa sababu mediki akilala chini wote wamelala. Achague wa karibu, awaambie wengine wazi "wewe sikufikii". Kusema hivyo kunauma mara moja tu.

Wewe kwa upande wako, usimtume dukani katikati ya mechi. Inachukua kama saa nzima, hawezi kuisimamisha, na akitoka watu wanane wanabaki bila mediki. Muulize kabla hajaanza, "Mechi ya mwisho inaisha saa ngapi?" Akikujibu saa nane usiku na ana kipindi asubuhi, hapo zima intaneti, nakuunga mkono.

Assalam alaykum. Tuko watatu, mimi, ndugu yangu na binamu yetu, tunaendesha kifaru kwenye Hell Let Loose na tunaongea Kiswahili chetu cha nyumbani. Mimi dereva. Kila tukilipuliwa kosa ni langu. "Nimekwambia kushoto!" Mimi nimekwenda kushoto. Mpaka tumenuniana kwenye chakula cha jioni.
*Dereva Aliyechoka, Muscat*

Waalaykum salaam. Kosa si lako, na nadhani nalijua bila kuwepo.

Mshika mzinga anageuza mnara. Mnara ukishageuka, kushoto kwake si kushoto kwako. Kama mzinga unatazama nyuma, vimegeuka kabisa. Yeye anaona adui kwa darubini yake, anapaza "kushoto!", wewe ndani ya kijitundu chako unakata kushoto kwa bodi, na mgongo wa kifaru, ambako chuma ni chembamba, unamtazama mtu mwenye bazuka. Halafu mnakula mmenuna.

Kubalianeni leo kwamba kushoto na kulia ni vya dereva siku zote. Adui atajwe kwa nyuzi za dira, si kwa mikono. Na anayemwamuru dereva awe mmoja tu, kamanda wa kifaru, kwa sababu ndiye anayeweza kutoa kichwa nje akaona pande zote. Mshika mzinga anaruhusiwa maneno mawili kwako: "simama" na "twende".

Kuna jambo mnalolisahau pia. Dereva ndiye anayewasha injini, anabadili gia, anakumbuka njia ya kurudi, na hana silaha ya kujifariji nayo. Kukaa bila kuona huku wenzako wanapiga kelele ndiyo nafasi ngumu kuliko zote tatu. Kwa hiyo zungusheni viti. Kifaru kikilipuka, kinachofuata dereva awe aliyelaumu zaidi. Nakuhakikishia kelele zitapungua kabla ya Ijumaa.

Dada, mimi nataka kucheza Hell Let Loose nipumzike. Hakuna nafasi ambayo watu hawanisumbui? Nimefikiria snaipa.
*Mvivu Halali, Nakuru*

Usnaipa usiuguse. Timu nzima ina watu wa upelelezi wachache, wawili wawili, na kila mtu anategemea wakavunje garisoni za adui na kunyamazisha mizinga yake ya nyuma. Ukijilaza kilimani unapiga mtu mmoja kila robo saa, chat nzima itakuandama, na nitakuwa miongoni mwao.

Kuwa mhandisi. Mechi ikianza, kaa nyuma ujenge vile vyanzo vya rasilimali vitatu: vya nguvukazi, risasi na mafuta. Ndivyo vinavyomwongezea kamanda uwezo wa kuita ndege na vifaru. Wachache wanapenda kazi hii, kwa hiyo hakuna atakayekunyang'anya, na kamanda atakushukuru kwa jina. Ukimaliza, tembea taratibu kwenda mbele ukizungushia garisoni seng'enge. Ila jiunge na kikosi chenye mtu wa sapoti na mwombe aje nawe mwanzoni kabisa, kwani bila sanduku lake la vifaa hujengi kitu.