Maswali na Majibu: Risasi Iliyotoka Uchochoroni

Karibu barua zote za toleo hili zinauliza juu ya filamu moja: The Man Who Shot Liberty Valance ya John Ford, iliyotoka mwaka 1962, rangi nyeusi na nyeupe, dakika 123. Kwa ambaye hajaiona: wakili kijana, Ransom Stoddard (James Stewart), anavamiwa njiani na jambazi Liberty Valance (Lee Marvin) na kuchapwa mjeledi hadi anazimia. Tom Doniphon (John Wayne), mfugaji asiyemwogopa mtu, anamfikisha mji mdogo wa Shinbone. Baadaye wakili na jambazi wanakutana barabarani usiku, jambazi anaanguka, na wakili anapanda hadi ugavana na useneta kwa sifa ya kuwa ndiye aliyemuua. Majibu yetu yanafichua mwisho, kwa hiyo anayetaka kuiona kwanza aiweke kurasa hii pembeni.

*Nimeitazama mara mbili. Kama Tom ndiye aliyemuua Valance kwa bunduki, mbona mara ya kwanza hatukumwona wala kumshuku? Mwongozaji hakutudanganya?*
Msomaji, Morogoro

Hakudanganya. Alichagua tu mahali pa kuweka kamera, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika filamu hii. Itazame hivi: fika kwenye pambano la kwanza, liangalie hadi Valance aanguke, kisha ruka moja kwa moja hadi pale Tom anapomsimulia Stoddard kwenye mkutano wa uchaguzi. Zikifuatana bila kitu kati, utaona ni tukio lile lile kutoka pembe mbili.

Mara ya kwanza kamera inabaki barabarani, ikimtazama huyu na kisha yule. Stoddard bado amevaa aproni ya kuoshea vyombo. Valance anamtia risasi mkono wa kulia, bastola inaanguka, anamruhusu aiokote kwa mkono wa kushoto ili amalizie mchezo. Stoddard anafyatua, Valance anaanguka. Mara ya pili kamera imehamia uchochoroni. Tom yuko karibu nasi, gizani, na wale wawili wako mbali mbele yake. Pompey, mfanyakazi wake, anamrushia bunduki. Tom anafyatua wakati ule ule Stoddard anapofyatua, milio inaungana, kisha anamrushia Pompey bunduki yake na kuondoka. Hakuna kilichofutwa katika toleo la kwanza. Uchochoro tu haukuonyeshwa.

Sasa angalia kitu ambacho watazamaji wengi wanakipita. Valance alisimama akimkabili Stoddard, na Tom alikuwa ubavuni. Risasi ya bunduki iliyopita ubavuni haifanani na ya bastola iliyopita kifuani, na daktari yeyote angelijua hilo kwa kuifunua tu shati. Anayeitwa ni Daktari Willoughby, mlevi. Anaomba wiski upesi, watu wanadhani ni ya mgonjwa, anainywa mwenyewe, anaugeuza mwili kwa mguu na kusema amekufa. Basi. Hakuna uchunguzi wa maiti, hakuna shahidi aliyehojiwa, hakuna aliyetafuta risasi. Maisha yote ya kisiasa ya Stoddard yamejengwa juu ya zile sekunde chache ambazo daktari hakuinama.

*Sielewi ugomvi wa kisiasa. Kwa nini matajiri wa ng'ombe wanamlipa jambazi ili eneo lao lisiwe jimbo? Na je, mambo haya yalitokea kweli?*
Mwalimu wa historia, Nakuru

Tuanze na sheria. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na majimbo na maeneo. Katika eneo, gavana na majaji waliteuliwa na Rais kutoka Washington. Wakazi walichagua baraza lao na kumtuma mjumbe mmoja katika Baraza la Wawakilishi, ambaye aliweza kusema lakini hakupiga kura. Rais hawakumchagua. Sheria ya mwaka 1787 iliyoweka utaratibu huo kwa nchi za kaskazini-magharibi ilitaja wakazi huru 60,000 kuwa kiwango cha kuomba hadhi ya jimbo. Likishakuwa jimbo, wananchi wanamchagua gavana wao, wanapata maseneta wawili, na wanatoza kodi ya kujengea shule na barabara.

Filamu inawaweka matajiri wa ng'ombe kaskazini ya mto Picketwire. (Jina hilo si la kubuni: ndivyo watu wa Colorado walivyoutamka mto wenye jina la Kifaransa, Purgatoire.) Utajiri wao ulitegemea malisho ya wazi, yaani kulisha maelfu ya ng'ombe bila malipo kwenye ardhi ya umma. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mlowezi kuchukua ekari 160 na kuzimiliki baada ya kuzikalia miaka mitano. Mwaka 1874 Joseph Glidden akapata hataza ya waya wa miiba, na mkulima maskini sasa aliweza kuzungushia ekari zake na kuziba njia ya maji. Jimbo maana yake walowezi zaidi, uzio zaidi, kodi na mahakama. Ndiyo maana Valance analipwa.

Ugomvi wenyewe uangalie katika matukio mawili. La kwanza ni uchaguzi wa wajumbe wa mkutano mkuu, ndani ya baa ya Shinbone. Tom anaifunga kaunta kwanza, hakuna kunywa hadi kura zihesabiwe, na Dutton Peabody, mhariri wa gazeti la mji, anateseka kwa kiu. Kisha Valance anaingia na kutaka yeye ndiye achaguliwe. Anapoambiwa haishi upande huu wa mto, anajibu kuwa anaishi popote anapotundika kofia yake. Kura ni za kunyoosha mkono, mbele ya macho ya mtu mwenye bastola. Ukinyoosha, anakuona. Hilo ndilo tatizo la kura ya wazi, na filamu inalionyesha bila hotuba. Stoddard na Peabody wanashinda, na kwa ushindi huo Peabody anapigwa nusu ya kufa na mashine zake za kuchapia zinavunjwa.

La pili ni mkutano mkuu wa eneo. Msemaji wa matajiri, Meja Starbuckle, anajifanya kuitupa hotuba aliyoiandaa ili aseme kutoka moyoni. Karatasi inaokotwa: tupu, haina hata neno. Mgombea wao anashangiliwa kwa mbwembwe za farasi.

Katika historia, mfano wa karibu zaidi ni Wyoming, na huko mambo yalikuwa mabaya kuliko filamu, tena kinyume chake. Julai 1889, ikiwa bado eneo, wafugaji wakubwa waliwanyonga walowezi wawili, Ella Watson na Jim Averell, na hakuna aliyehukumiwa. Mwaka 1890 Wyoming ikawa jimbo. Aprili 1892 wakubwa wa chama cha wafugaji walikodi watu wa Texas wenye bunduki, wakapanda treni kundi la watu kama 50, wakaenda Wilaya ya Johnson na orodha ya watu wa kuua. Tarehe 9 Aprili waliwaua Nate Champion na Nick Ray. Wananchi wakawazingira katika shamba la TA. Waliowaokoa ni maseneta wawili wa jimbo jipya, Joseph Carey na Francis Warren, ambao walimfikia Rais Benjamin Harrison usiku ili atume wapanda farasi wa jeshi. Wavamizi walifikishwa mahakamani, gharama zikaielemea wilaya, mashahidi wakapotea, na Januari 1893 kesi ikafutwa. Mwalimu, ukiwaonyesha wanafunzi filamu hii, waambie pia kisa hicho. Filamu inaamini kuwa jimbo litawafunga mikono matajiri. Wyoming inaonyesha kuwa matajiri wanaweza kulitumia jimbo lenyewe.

*Mji una ofisa wa usalama. Kwa nini hamkamati Valance?*
Msomaji, Mombasa

Ofisa huyo, Link Appleyard, anasema ni nje ya mamlaka yake, Stoddard anafungua kitabu cha sheria na kumwonyesha kuwa mamlaka anayo. Kilichobaki ni hofu, na gereza lenye chumba kimoja ambacho kufuli lake limevunjika na Link mwenyewe hulala humo. Maofisa wa miji midogo waliajiriwa na wenyeji na kulipwa kidogo. Valance alikuwa na watu wawili nyuma yake, na fedha za matajiri nyuma yao.

*Tunaiwekea filamu hii maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya klabu yetu. Dakika za kwanza yanaenda sawa, lakini kufikia katikati yanachelewa kwa dakika nzima na zaidi. Pia tushaurini juu ya tafsiri ya jina na ya ile sentensi maarufu ya mhariri.*
Klabu ya filamu, Dar es Salaam

Kuchelewa kunatokana na kasi ya picha. Filamu ilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Diski nyingi za DVD za Uingereza na matoleo ya televisheni ya huko huendeshwa kwa picha 25, hivyo filamu inakimbia kwa karibu asilimia 4 na dakika 123 zinakuwa kama 118. Faili la maandishi lililopangwa kwa toleo la 24 linaanza sawa, lakini tukio la saa moja kamili tayari limepita kwenye dakika ya 57 na nusu hivi. Kusogeza maandishi yote mbele kwa sekunde kadhaa hakusaidii, kwa sababu tofauti inakua. Zidisha kila muda kwa 0.96. Programu nyingi za kuhariri maandishi zina sehemu ya kubadili kasi: weka 24 kwenda 25 (kama toleo la asili ni 23.976, chagua hilo). Kisha jaribu mwanzo, katikati na mwisho. Sehemu zote tatu zikilingana, mmemaliza.

Kwenye runinga yenu zimeni pia ulainishaji wa mwendo (motion smoothing), na msivute picha kujaza kioo. Picha yake ni pana kidogo tu kuliko kioo cha kawaida, na mstari mwembamba mweusi juu na chini ndio sahihi.

Urefu: mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42 pamoja na nafasi, na mtazamaji apewe sekunde moja kwa kila herufi 17 hivi. Kiswahili kinabana sana ndani ya kitenzi lakini maneno yake ni marefu, kwa hiyo hesabuni. Scott, mhariri wa gazeti la Shinbone miaka mingi baadaye, akishasikia ukweli wote kutoka kwa seneta Stoddard, anaukataa na kuchana maelezo. Sisi tungeandika:

Hapa ni Magharibi, bwana.
Hekaya ikishageuka ukweli, chapa hekaya.

Mstari wa pili una herufi 40. Mkiandika "chapisha" unakuwa 43 na unavuka. Msitumie "hadithi", maana kwetu hadithi inaweza kuwa ya kweli kabisa, na hapo sentensi inakufa.

Jina la filamu lina mtego mtamu. Kiingereza kinatumia kitenzi kimoja kwa aliyefyatua na kwa aliyepata shabaha. Kiswahili kinawatenganisha: Stoddard alimfyatulia Valance, Tom alimpiga. Mkiandika "Aliyempiga Risasi Liberty Valance", mtazamaji makini atajua mwishoni kuwa jina lilikuwa la Tom tangu mwanzo. "Aliyemuua" inafaa kwenye midomo ya wanasiasa ndani ya filamu, kwa sababu wao wanahitaji maiti.

Neno linalowakosesha wengi ni lile la eneo. Likitafsiriwa "jimbo", hakuna tena sababu ya mkutano wala ya vita, kwani watu watakuwa wanadai jimbo ilhali wanalo. Kwa watazamaji wa Tanzania kuna tatizo la ziada: jimbo kwao ni la mbunge. Tumieni "eneo" na "jimbo" kwa uthabiti, na mara ya kwanza andikeni "jimbo kamili". Tom anapomwita Stoddard "Pilgrim", msiandike "Hujaji", itasikika ya heshima. "Mgeni" inatosha, kwa sauti ya kumcheka.

*Pompey ana nafasi gani hasa? Yupo kila mahali lakini haongei sana.*
Msomaji, Muscat

Ana nafasi kubwa kuliko maneno aliyopewa. Anayemcheza ni Woody Strode, mwanariadha ambaye mwaka 1946, pamoja na Kenny Washington, alikuwa katika Wamarekani Weusi wa kwanza kurudi kwenye ligi kuu ya mpira wa Marekani baada ya miaka mingi ya kufungiwa. Katika darasa la Stoddard, Pompey anasimama kukariri Azimio la Uhuru na kusahau kipande kinachosema watu wote wameumbwa sawa. Stoddard anamwambia wengi hukisahau.

Siku ya uchaguzi anakaa nje ya baa. Hapa sheria inafaa kukumbukwa: Januari 1867 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapa wanaume Weusi haki ya kupiga kura katika maeneo yote, miaka mitatu kabla ya rekebisho la 15 la Katiba. Kama kisa hiki ni cha baada ya hapo, basi kilichomweka Pompey nje ni desturi ya watu wa Shinbone, na wakili aliye ndani akiongoza uchaguzi kwa kitabu cha sheria hasemi kitu. Pompey ndiye shahidi pekee wa risasi ya uchochoroni zaidi ya Tom. Hakuna anayemuuliza.

Miaka mingi baadaye seneta anaporudi kumzika Tom, Pompey ndiye amekaa peke yake karibu na jeneza la mbao ambalo mchonga majeneza amekwisha kuvua buti za marehemu. Stoddard anaamuru buti zirudishwe. Halafu, akiondoka, anamtia Pompey noti mkononi, na kuwahi treni.