Maswali ya Wasomaji: Ibada ya Kirundi na Ujira wa Tumbaku

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Baadhi ya wazee wenzangu hapa Ulyankulu wanataka washarika wenye asili ya Burundi wapewe ibada yao ya Kirundi saa moja asubuhi, "ili amani iwepo". Sisi wengine tunaona ni ubaguzi. Mchungaji ametuachia tuamue.
Mzee wa kanisa, Kaliua

JIBU: Amina, mzee wetu. Kirundi chenyewe hakina kosa. Bibi aliyekimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 ana haki ya kuungama kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo. Hayo maneno "ili amani iwepo" ndiyo yanayotutia shaka. Amani ya nani? Kama ibada imeombwa na watakaoitumia, wapeni Jumapili ijayo. Kama imeombwa na wasiotaka kukaa nao benchi moja, ikataeni, hata ikiletwa na mistari kumi ya Biblia.

Kanisa la Kireformed la Kidachi la Afrika Kusini lilipita njia hiyo. Mwaka 1829 sinodi yake ilikataa kuwatenga watu kwa rangi kwenye Meza ya Bwana. Mwaka 1857 sinodi ikalegea: wasio Wazungu wangeweza kuabudu kando, kwa sababu ya "udhaifu wa baadhi ya watu". Ilikuwa ruhusa tu, tena ya muda machoni pa wengi. Mwaka 1881 ruhusa ile ilizaa kanisa zima la pembeni, na baadaye wakapatikana wanateolojia wa kulihalalisha. Kanisa hilohilo la pembeni ndilo lililoandika tamko la imani liitwalo Ungamo la Belhar mwaka 1982 na kulipitisha 1986, likisema utengano ule unaivunja injili. Walutheri wa dunia, kupitia Shirikisho lao, walikwisha kukutana Dar es Salaam mwaka 1977 wakatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la imani, na mwaka 1984 wakasimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Wazungu wa kusini mwa Afrika.

Basi, mkiikubali ibada, andikeni masharti kwenye muhtasari wa kikao. Ya mdomo husahaulika mchungaji akihamishwa. Meza ya Bwana iwe moja, siku moja, watu wote. Baraza la wazee liwe moja na hazina iwe moja. Ibada ya pili ikipata mfuko wake wa sadaka, haichukui muda mtakuwa na makanisa mawili na ugomvi wa mabati. Kisha chukueni orodha za zamu za mwaka jana mhesabu majina: nani amefagia, nani amepika kwenye semina, nani amehesabu sadaka. Ubaguzi wa ushirika hukaa humo zaidi kuliko mimbarani.

Na daftari la washarika lisiwe na neno "mkimbizi" mbele ya jina la raia. Watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa uraia, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Katiba, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa kabila au pahala alipotoka.

SWALI: Vibarua kutoka Kasulu na Kibondo, kule Kigoma mpakani na Burundi, hulima tumbaku huku Urambo msimu mzima. Soko likifungwa, mwenye shamba anamwambia kibarua: "Wewe Mrundi, ukidai nakuitia Uhamiaji." Kanisa limeombea. Lifanye nini zaidi?
Katibu wa vijana, Urambo

JIBU: Lianze kabla ya msimu, kwenye vitalu. Mapatano ya "tutalipana tumbaku ikiuzwa" humponza kibarua kwa sababu hana hesabu: chakula alichopewa na pesa aliyokopa vinakatwa kwa kauli ya tajiri. Nunueni madaftari. Kila kibarua awe na kurasa mbili zinazofanana, moja yake na moja ya mwenye shamba: ekari, ujira, debe za mahindi alizochukua, kila mkopo na tarehe, dole gumba la wote wawili na shahidi mmoja. Aje pia na kitambulisho cha NIDA, au barua ya mtendaji wa kijiji chake; tishio la Uhamiaji linapoteza makali.

Asipolipwa, muda ndio adui. Madai ya ujira hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoamua migogoro ya kazi, ndani ya siku 60. Ya kuachishwa kazi, siku 30. Fomu ya madai hupelekwa kwanza kwa anayedaiwa, ndipo ifunguliwe Tume. Wengi hukosea hapo, au husubiri "mazungumzo ya wazee" mpaka siku zinapita, kisha wanalazimika kuomba kuongezewa muda. Ukosefu wa mkataba usiwatishe: kwa sheria ya ajira ya 2004, mwajiri asipoleta maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake.

SWALI: Sadaka inaweza kulipia nauli ya kibarua kwenda Tume?
Mhazini, Urambo

JIBU: Inaweza. Montgomery, Marekani, weusi waligomea mabasi yaliyowabagua kwa rangi siku 381, tangu 5 Desemba 1955. Mgomo ulisimama kwa sababu michango ya makanisani ilinunua mafuta na magari, yakasajiliwa kwa majina ya makanisa. Bima ya magari ilipofutwa mara kwa mara, walikwenda kuitafuta Lloyd's, soko la bima la London. Nanyi fungueni kifungu cha bajeti chenye jina lake, baraza likipitishe, na risiti za nauli zikae kwako, si kwa katibu wa vijana.