Glutamati inayopimwa kwa mikrodayalisisi hutoka wapi?

Umeuliza kama ongezeko la glutamati (kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana ishara) katika sampuli za mikrodayalisisi, baada ya panya kudungwa dawa, linatosha kuthibitisha kwamba seli za neva zimeongeza utoaji wake. Peke yake halitoshi. Katika njia hiyo, kijibomba chenye utando unaopitisha molekuli ndogo huwekwa ndani ya ubongo na giligili bandia hupitishwa humo polepole, kwa kawaida mikrolita 1 hadi 2 kwa dakika. Kinachokusanywa kila baada ya dakika 10 au 20 ni wastani wa glutamati iliyo nje ya seli, ilhali ishara ya sinapsi (kiungo kati ya seli mbili za neva) hudumu kwa milisekunde tu. Isitoshe, sehemu kubwa ya kiwango cha msingi, yaani kile cha kabla ya dawa, hutoka kwenye seli za glia (seli saidizi za ubongo), hasa kupitia kibadilishanaji cha sistini na glutamati, protini inayoingiza sistini ndani ya seli na kutoa glutamati nje, ndiyo maana mara nyingi hakishuki hata sumu iitwayo tetrodotoksini inapozima misukumo ya neva. Kwa hiyo rudia jaribio ukiwa umetia tetrodotoksini kwenye giligili, au umeondoa kalsiamu, ambayo seli za neva huihitaji ili kutoa glutamati: ongezeko lililoletwa na dawa likitoweka, una sababu nzuri ya kulihusisha na neva. Njia nyingine ni vihisi vyenye kimeng'enya cha glutamati oksidasi, ambavyo hufuatilia mabadiliko kwa sekunde, ila huhitaji kihisi jirani kisicho na kimeng'enya hicho ili kutenga ishara za askobati (vitamini C iliyo ubongoni), ambazo huweza kudhaniwa kuwa za glutamati. Usiache kundi la panya wanaodungwa maji ya chumvi tu, kwa sababu hata msongo wa kushikwa huweza kupandisha glutamati katika gamba la mbele la ubongo.